Maswali ya Wasomaji: Masasisho Yanayokatisha Kazi na Masasisho Yasiyofika

Barua nyingi zilizotufikia kutoka mikoa ya Kigoma na Tabora zinahusu jambo moja, nalo ni masasisho, yaani apdeti, za kompyuta na simu, ambayo kwa wengine huja saa isiyofaa na kwa wengine hayaji kabisa. Nimechagua barua sita, nikazifupisha bila kubadili maana, na kwa kuwa wenyewe hawakupenda majina yao yachapishwe, nimewataja kwa mahali walipo tu. Swali la kwanza nimelijibu kwa urefu kuliko mengine, kwa sababu limebeba msingi wa yote yanayofuata.

Ndugu Mwandishi, nina duka la stesheneri karibu na soko la Mwanga, Kigoma. Kompyuta yangu ya Windows 11 ndiyo ninayotumia kuchapa, kuskani na kutuma maombi ya wanafunzi ya mikopo na ya ajira. Zaidi ya mara moja imejizima yenyewe na kuanza apdeti huku wateja wamepanga foleni, na safari moja umeme ulikatika katikati, ikachukua siku nzima kurudi katika hali yake. Fundi amenizimia apdeti zote kwa programu maalumu, na tangu hapo nimepumzika. Je, nimefanya vibaya?

Ndugu yangu wa Mwanga, pole sana. Malalamiko yako ni ya haki, kwa maana kompyuta ya dukani ni chombo cha riziki, na waliotengeneza mfumo huo walipaswa kukumbuka kwamba si kila mtumiaji ana umeme usiokatika na kompyuta ya pili pembeni. Hata hivyo, hatua aliyoichukua fundi wako imekuondolea usumbufu wa saa moja na kukuachia hatari ya kila siku, na nakushauri uiondoe programu hiyo wiki hii hii. Muulize pia kama ndiyo hiyo hiyo iliyotumika kuamilisha Windows bila leseni, kwa sababu programu za namna hiyo mara nyingi huja na maelekezo ya kuizima kwanza kinga ya virusi, na asiyeijua asili yake hawezi kujua imeingiza nini kingine.

Sababu ya ushauri wangu ni hii. Kila mfumo endeshi, yaani programu kuu inayoendesha kompyuta au simu, kama Windows au Android, una kasoro ambazo hata watengenezaji wenyewe hawazijui mpaka zigunduliwe. Kasoro ikishagunduliwa na kurekebishwa, kampuni hutoa kiraka cha usalama, na pamoja na kiraka hutoa maelezo ya kilichozibwa. Tangu siku hiyo siri imetoka. Mdukuzi hana haja tena ya kutafuta tundu kwa miezi, kwani huchukua faili la zamani na faili jipya, akayalinganisha, na tofauti anayoiona humwonyesha mahali tundu lilipokuwa. Ni sawa na kutangaza mnadani kwamba kufuli za aina fulani hufunguka kwa msumari: tangazo hilo humsaidia aliyebadilisha kufuli jioni ile ile, na humweka wazi yule aliyesema atabadilisha mwezi ujao. Ndiyo maana kompyuta iliyozimiwa masasisho haibaki na usalama ule ule iliokuwa nao siku ilipozimiwa, bali hupungukiwa na usalama kila mwezi kiraka kipya kinapotangazwa.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa mwaka 2017. Tarehe 14 Machi mwaka huo, Microsoft, kampuni inayotengeneza Windows, ilitoa kiraka kilichopewa namba MS17-010, cha kuziba tundu katika sehemu ya Windows inayowezesha kompyuta za mtandao mmoja kushirikiana mafaili na printa. Mwezi mmoja baadaye, tarehe 14 Aprili, kundi lililojiita Shadow Brokers lilimwaga hadharani zana za udukuzi zilizohusishwa na shirika la kijasusi la Marekani la NSA, na mojawapo, iliyoitwa EternalBlue, ilikuwa imetengenezwa ili ipite katika tundu hilo hilo. Ijumaa ya tarehe 12 Mei, siku 59 baada ya kiraka kutolewa, kirusi cha WannaCry kilianza kusambaa chenyewe kutoka kompyuta moja hadi nyingine, kikifunga mafaili ya watu na kudai malipo kwa sarafu ya kidijitali ya Bitcoin. Kilifika katika nchi zipatazo 150 na kuathiri kompyuta zaidi ya 200,000. Nchini Uingereza hospitali za umma ziliahirisha maelfu ya miadi ya wagonjwa, na baadhi zililazimika kuwaelekeza wagonjwa wa dharura kwingine. Wengi hudhani kwamba waliopigwa walikuwa na Windows XP iliyokwisha muda wake, lakini sehemu kubwa sana ya kompyuta zilizoathirika zilikuwa na Windows 7, ambayo kiraka chake kilikuwa kimeshatolewa ila wenyewe hawakuwa wamekiweka. Na baada ya kishindo chote hicho, tarehe 27 Juni kirusi kingine, NotPetya, kilipita kwa sehemu katika tundu lile lile na kuvuruga kazi za kampuni ya meli ya Maersk katika bandari za nchi nyingi.

Duka lako lina kompyuta na printa katika mtandao mmoja, na flashi za wateja huingia na kutoka mchana kutwa. Isitoshe, ndani ya kompyuta hiyo zimo nakala za vitambulisho vya Taifa na vyeti vya watoto wa watu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde, na kwa maoni yangu, hata kama sheria hiyo isingekuwepo, mzazi aliyekukabidhi cheti cha mwanawe angestahili ulinzi huo.

Sasa tuje kwenye namna ya kuyapokea masasisho bila kuwafukuza wateja. Tangu Oktoba 2003 Microsoft imekuwa ikitoa viraka vyake vya kawaida Jumanne ya pili ya kila mwezi, saa 4 asubuhi kwa saa za pwani ya magharibi ya Marekani, ambayo kwetu ni saa 2 au saa 3 usiku kutegemea majira yao. Saa hiyo duka limeshafungwa na kompyuta imezimwa, kwa hiyo unapoiwasha Jumatano asubuhi ndipo inapoanza kupakua, ikila bando lako wakati ule ule wateja wa kwanza wanaingia. Jumanne ya pili huangukia kati ya tarehe 8 na 14, na Jumatano inayoifuata ni kati ya tarehe 9 na 15. Iwekee Jumatano hiyo alama kwenye kalenda ya ukutani, na jioni ya siku hiyo au ya kesho yake, baada ya kufunga hesabu, iambie kompyuta mwenyewe itafute masasisho, iyapakue na ijiwashe upya. Ukiitangulia kwa hiari yako, haitakuwa na sababu ya kukuvamia mchana.

Kwenye Mipangilio, sehemu ya Windows Update, kuna pia mahali pa kutaja saa zako za kazi, ambazo zinaweza kufika 18 kwa siku. Ukiweka kuanzia saa 1 asubuhi hadi saa 3 usiku, kompyuta haitajiwasha upya yenyewe katikati ya saa hizo kwa ajili ya sasisho. Katika msimu wa maombi ya mikopo unaweza kuyasimamisha masasisho hadi wiki 5, ambapo yataanza tena yenyewe, na hapo ndipo njia hii inapokuwa bora kuliko ya fundi, kwa sababu usahaulifu wako hauwezi kugeuka kuwa mwaka mzima. Kama unatumia bando la simu, uandikishe muunganisho huo kuwa ni wa kupimwa (metered connection), na Windows haitapakua sehemu kubwa ya masasisho mpaka uiruhusu.

Kuhusu umeme, kompyuta mpakato yenye betri nzima ikijaa haitayumba kwa kukatika kwa muda mfupi, na kwa kompyuta ya mezani UPS ndogo, yaani kifaa cha umeme wa akiba, inatosha kumaliza sasisho la kawaida. Umeme ukikatika bila kinga, mara nyingi Windows hutengua mabadiliko na kurudi ilikokuwa, jambo linalochukua muda mrefu na halipaswi kukatizwa kwa kuzimazima. Lakini mara nyingi si mara zote, na kwa hiyo nakala ya mafaili ya wateja katika diski ya nje iwepo kabla ya kila sasisho.

Kaka Mwandishi, mimi ni wakala wa miamala ya simu hapa Kasulu. Simu yangu ya Android niliinunua ikiwa mpya, lakini kiraka chake cha usalama kinaonyesha tarehe ya zaidi ya mwaka mmoja uliopita, na kila nikibonyeza kutafuta apdeti naambiwa simu yangu iko sawa. Mdogo wangu aliyeko Dar es Salaam ana simu ya kampuni nyingine, na yake husasishwa kila mara. Je, tatizo ni mtandao wa huku kwetu?

Hapana dada yangu, mtandao wa Kasulu hauna kosa katika jambo hili, na mdogo wako akija likizo na simu yake itaendelea kusasishwa vilevile. Ujumbe unaokuambia kwamba simu iko sawa una maana kwamba mtengenezaji hana kitu kipya cha kukupa. Haukuambii kwamba simu haina matundu. Naona ni ujumbe unaopotosha, na kampuni za simu zingetenda haki kama zingeandika waziwazi kwamba simu hii haipokei tena viraka.

Kuchelewa kwa Android kuna historia yake. Mwezi Julai 2015 lilitangazwa tundu lililoitwa Stagefright, ambalo lilimwezesha mdukuzi kuingia katika simu kwa kuitumia ujumbe wa picha au video tu, na kuanzia Agosti mwaka huo Google, inayotengeneza Android, ikaanza kutoa taarifa ya viraka kila mwezi. Lakini Google haizifikii moja kwa moja simu za kampuni nyingine. Watengenezaji hupewa taarifa angalau mwezi mmoja kabla ya kutangazwa. Mtengenezaji wa chipu hurekebisha sehemu yake, kampuni ya simu huunganisha yote na mfumo wake wenye mapambo na programu zake yenyewe, kisha huijaribu kwa kila aina ya simu iliyouza, na katika nchi nyingine kampuni ya mawasiliano nayo hutaka kuipitisha kwanza. Kampuni inayouza aina nyingi za simu kwa faida ndogo huona kazi hiyo ni gharama isiyorudi, na simu ya bei nafuu ndiyo inayoachwa mapema. Mnunuzi hulipia jambo hilo bila kuambiwa wakati wa kununua.

Google imejaribu kufupisha njia hiyo. Mwaka 2017, kwa Android 8, iliutenganisha mfumo wenyewe na sehemu inayohusu chipu, na mwaka 2019, kwa Android 10, ilianza kusasisha baadhi ya vipande vya mfumo kupitia Google Play bila kumsubiri mtengenezaji wa simu. Kwa hiyo hata katika simu yako, ukifungua Mipangilio na kutafuta sasisho la mfumo la Google Play, huenda ukakuta jambo la kupakua. Kivinjari, yaani programu ya kufungulia tovuti kama Chrome, na programu zako zote nazo husasishwa kupitia Play Store bila kutegemea kampuni iliyotengeneza simu, na kwa kuwa mashambulizi mengi hupitia humo, usiache hata wiki moja ipite bila kuzisasisha. Usipokee programu iliyotumwa kwenye WhatsApp kama faili, hata ikitoka kwa mtu unayemfahamu.

Kwa kuwa wewe ni wakala, nina ushauri mmoja zaidi ambao nauona ni muhimu kuliko mengine. Kama miamala yako unaifanya kwa menyu ya kupiga nyota na reli, laini ya uwakala iweke katika simu ya vitufe, ile ambayo wengi huiita kiswaswadu, isiyoingia intaneti kabisa, na hiyo simu janja ibaki kwa mawasiliano mengine. Fedha za watu zisikae mahali pamoja na programu za michezo na picha za kutumiana.

Utakapokuwa tayari kununua nyingine, usianze kwa kuuliza kamera. Muulize muuzaji simu hiyo imeahidiwa viraka kwa miaka mingapi, na hesabu hiyo uianzie siku aina hiyo ya simu ilipoingia sokoni, kwa sababu simu iliyokaa kabatini miaka miwili imeshapoteza miaka hiyo. Google iliahidi miaka 7 kwa Pixel 8 ya mwaka 2023, na Samsung ikafanya hivyo kwa Galaxy S24 ya mwaka 2024. Hizo ni simu za bei ya juu, lakini Galaxy A16, ambayo bei yake ni ya chini sana kuliko hizo, nayo iliahidiwa miaka 6. Umoja wa Ulaya, kuanzia tarehe 20 Juni 2025, unazitaka simu zinazoingizwa katika soko lake ziendelee kupata masasisho kwa angalau miaka 5 tangu aina hiyo inapoacha kuuzwa. Ningependa sana na sisi tuwe na sharti kama hilo, au walau maandishi kwenye boksi yanayotaja mwaka ambao viraka vitakoma, kama tunavyosoma tarehe ya mwisho kwenye pakiti ya maziwa.

Ndugu Mwandishi, mimi ni karani wa chama cha msingi cha wakulima wa tumbaku wilayani Urambo. Kompyuta yetu ya Windows 10 inatuonya kwamba muda wake umekwisha, na fundi anasema haiwezi kupokea Windows 11. Kwa kuitazama haina tatizo lolote, na viongozi wanauliza kwa nini chama kinunue nyingine. Niwajibu nini?

Ndugu Karani, wajibu kwamba kompyuta haijaharibika, ila aliyekuwa akiilinda ameondoka. Viraka vya kawaida vya Windows 10 vilikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 hudai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na prosesa zilizomo katika orodha maalumu, nyingi zikiwa za kuanzia mwaka 2018 hivi, na ndiyo sababu kompyuta nyingi zenye nguvu ya kutosha zimekataliwa. Sikubaliani na uamuzi huo wa Microsoft, kwa kuwa umegeuza kompyuta nyingi nzima kuwa mzigo, lakini kutokubaliana kwangu hakuzibi tundu lolote katika kompyuta yenu.

Upo mpango wa viraka vya ziada. Kwa kompyuta ya mtu binafsi mpango uliotangazwa unaendelea hadi tarehe 13 Oktoba 2026, na mtu hujiunga kwa kuhifadhi mipangilio yake kupitia akaunti ya Microsoft bila malipo, au kwa pointi 1,000 za Microsoft Rewards, mpango wa zawadi wa kampuni hiyo, au kwa dola 30. Chama chenu ni taasisi, na kwa taasisi bei iliyotangazwa ni dola 61 kwa kila kompyuta katika mwaka wa kwanza, kisha huongezeka mara mbili kila mwaka hadi Oktoba 2028, na anayeingia mwaka wa pili hudaiwa na wa kwanza pia. Miaka yote mitatu ni dola 427 kwa kompyuta moja. Fedha hiyo inaweza kununua kompyuta iliyotumika inayokubali Windows 11, kwa hiyo mpango huu nauona unafaa kwa mwaka mmoja wa kujipanga tu.

Njia nyingine ni kuweka Linux, mfumo endeshi wa bure, katika kompyuta hiyo hiyo. Ubuntu 24.04, mojawapo ya aina za Linux, hupokea viraka bila malipo hadi mwaka 2029, na LibreOffice, programu ya bure ya kazi za ofisi, hufungua mafaili ya Excel. Kabla ya kuamua, iwasheni Ubuntu kutoka kwenye flashi bila kugusa diski, fungueni majedwali yenu ya mizani na madai ya wakulima mkahakikishe hesabu zinatoka zile zile, jaribuni printa, na ingieni katika mifumo ya serikali mnayoitumia kwa kivinjari. Yote yakikubali, mmeokoa fedha ya chama. Jambo la kukataa ni fundi kuilazimisha Windows 11 katika kompyuta isiyostahili, kwa kuwa Microsoft haitoi uhakika kwamba kompyuta ya namna hiyo itaendelea kupata masasisho, na mtarudi mlipoanzia. Uamuzi wowote ufanyike kabla ya masoko ya tumbaku kufunguliwa, maana msimu ukishaanza hakuna atakayepata siku ya kuhamisha mafaili.

Mwandishi, mimi ni mwalimu wa kompyuta Sikonge. Tuna chumba chenye kompyuta 12 za Windows 11 na modemu moja yenye bando dogo. Kusasisha zote ni sawa na kununua bando mara kumi na mbili. Tufanyeje?

Mwalimu, si lazima kila kompyuta ipakue peke yake. Ndani ya Windows Update, katika chaguo za ziada, kuna uboreshaji wa usambazaji (Delivery Optimization), ambao huruhusu kompyuta za mtandao mmoja kupeana vipande vya masasisho. Uwashe katika kompyuta zote na uchague zile za mtandao wa ndani tu, ili bando la shule lisitumike kuwatumia watu wa mbali. Kisha washa kompyuta moja, iache ipakue na kumaliza, ndipo uwashe nyingine, nazo zitachukua sehemu kubwa kutoka kwa ile ya kwanza. Angalia tu kwamba muunganisho haukuandikishwa kuwa wa kupimwa, kwa sababu hapo kompyuta huacha kupeana.

Njia ya pili ni kupakua faili lenyewe kutoka Microsoft Update Catalog, tovuti ya masasisho ya Microsoft, mahali penye intaneti nzuri, kama Tabora mjini, na kulibeba kwa flashi. Soma kwanza toleo la Windows katika kompyuta zako, upakue linalolingana nalo, na kama ukurasa unaonyesha mafaili mawili au zaidi, yaweke yote katika folda moja kabla ya kuanza. Faili la huko huwa kubwa sana kuliko kile ambacho kompyuta ingejipakulia yenyewe, kwani limebeba kila kipande kwa kila hali, kwa hiyo halifai kwa kompyuta moja lakini kwa 12 linaokoa. Na habari njema ni kwamba viraka vya Windows ni vya limbikizo: cha mwezi huu kinabeba na vya nyuma, hivyo shule iliyokaa muhula mzima bila kusasisha haihitaji kufuata miezi yote mmoja mmoja. Likizo ya kila muhula ingefaa kwa kazi hiyo, na katikati ya muhula mtosheke na orodha mpya ya virusi ya Defender, kinga ya virusi iliyomo ndani ya Windows, orodha ambayo hupakuliwa peke yake na ni ndogo.

Mwanangu unayeandika safu hii, wajukuu wangu hapa Ujiji wameninunulia simu, na kila baada ya siku kadhaa inadai marekebisho. Kwa nini wenye kuitengeneza hawaitengenezi ikakamilika ndipo waiuze?

Shikamoo mama. Swali lako ndilo ambalo wataalamu wenyewe wamekuwa wakijiuliza. Mfumo wa simu ni mamilioni ya mistari ya maelekezo yaliyoandikwa na maelfu ya watu kwa miaka mingi, na sehemu kubwa imeandikwa kwa lugha za C na C++, ambazo humwachia mwandishi jukumu la kuhesabu mwenyewe nafasi ya kumbukumbu anayoitumia. Akikosea hesabu hiyo mahali pamoja, tundu limepatikana. Mwaka 2019 Microsoft ilieleza kwamba karibu asilimia 70 ya udhaifu inaouziba kila mwaka hutokana na makosa ya aina hiyo. Lakini yapo matumaini ya kweli: Google iliamua sehemu mpya za Android ziandikwe zaidi kwa lugha kama Rust, zinazoyakataa makosa hayo tangu mwanzo, na sehemu ya udhaifu unaotokana nayo katika Android ikashuka kutoka asilimia 76 mwaka 2019 hadi 24 mwaka 2024. Kwa hiyo kukamilika unakokudai kunawezekana kwa kiasi kikubwa, na una haki ya kuendelea kukudai. Kwa sasa, mama, simu ikiomba marekebisho, mwambie mjukuu aikubalie usiku ikiwa kwenye chaji.

Ndugu Mwandishi, mimi ni mhasibu Nzega. Mwaka 2024 tulisikia kwamba sasisho moja lilisimamisha viwanja vya ndege duniani. Unatuambia tusasishe, je, nisubiri siku ngapi kwanza ili wengine waonje?

Ndugu Mhasibu, tukio unalolitaja ni la tarehe 19 Julai 2024, na sasisho lile halikuwa la Windows bali la programu ya ulinzi ya kampuni ya CrowdStrike. Lilitumwa kwa wateja wote kwa mpigo, likaangusha kompyuta za Windows zipatazo milioni 8.5, na ingawa kampuni ililiondoa katika muda wa dakika 78, kompyuta nyingi zilizokwisha kuanguka zilihitaji mtu wa kuzifikia moja moja. Windows yenyewe nayo imewahi kukosea: toleo la Oktoba 2018 lilifuta mafaili ya baadhi ya watumiaji, likasimamishwa siku chache baada ya kutolewa, na halikurudi mpaka tarehe 13 Novemba. Hofu yako ina msingi.

Lakini mambo hayo yasichanganywe. Toleo jipya la mfumo mzima, lile la mara moja kwa mwaka, linaweza kusubiri miezi kadhaa bila madhara mradi toleo ulilonalo bado linapokea viraka, na Microsoft yenyewe huligawa kwa awamu, ndiyo maana jirani hulipata kabla yako. Kiraka cha kila mwezi, kwa ofisi yenye hesabu za watu, kinaweza kusubiri siku 3 hadi 7, muda ambao kasoro kubwa kwa kawaida huwa zimeshajitokeza. Ukiwa na kompyuta mbili, ianze ile isiyobeba hesabu. Kiraka cha dharura, kinachotolewa nje ya Jumanne ya pili, au kile ambacho watengenezaji wamesema tundu lake linatumiwa tayari na wadukuzi, kiwekwe siku hiyo hiyo baada ya kuchukua nakala ya mafaili. Kikileta hitilafu, masasisho ya mwezi huondolewa kupitia historia ya masasisho, au kupitia chaguo za urejeshaji kama kompyuta haiwaki. Kivinjari hakina sababu ya kusubiri hata siku moja, kwa kuwa sasisho lake ni dogo na huingia kwa kukifunga na kukifungua tena; waagize watumishi wote wa ofisi wakifunge kila jioni kabla ya kutoka.